Fedha ya Vyama vya Siasa Inatoka Wapi?

Ndugu msomaji, ukinunua sabuni Mafinga au mfuko wa saruji Tukuyu, ndani ya bei ile umelipa kodi. Kodi hiyo hujenga barabara na kulipa walimu. Sehemu yake ndogo huenda kwa vyama vya siasa, hata kile ambacho wewe hukukipa kura. Fedha hiyo huitwa ruzuku, yaani fedha ya Serikali isiyorudishwa.

Vyama vingi vilirudi nchini mwaka 1992. Sababu inayotolewa ya kuwa na ruzuku ni hii: petroli ya kufika Pawaga au Kyela ni ghali, na bila msaada atasikika mwenye mali peke yake.

Haya, tushike kalamu. Kwa sheria yetu, sehemu ya ruzuku hufuata majimbo ya ubunge ambayo chama kimeshinda. Sehemu nyingine hufuata kura za ubunge, mradi chama kiwe kimepata angalau kura 5 katika kila kura 100. Tuseme, kwa mfano tu, ipo shilingi milioni 100, nusu inafuata majimbo na nusu inafuata kura, majimbo ni 100, na vyama ni viwili. Chama kilichoshinda majimbo 30 kitapata milioni 15. Kama kina kura 40 katika kila 100, kitaongezewa milioni 20. Jumla ni milioni 35.

Ujerumani nako Serikali hutoa fedha, ila kwa sharti: isizidi ile ambayo chama kimejichangishia chenyewe. Kikikusanya 10, hakipewi 12. Sisi sharti hili tunalipenda. Chama kinacholishwa na Serikali tu, kitamtafuta mwanachama kwa lipi, mpaka uchaguzi ufike?

Hapa kwetu kila chama hutakiwa kutunza vitabu na kumpelekea Msajili wa Vyama vya Siasa hesabu zilizokaguliwa, kila mwaka. Basi katibu wa tawi akija kuchangisha, si utovu wa adabu kumwuliza: "Ndugu Katibu, ruzuku ya mwaka jana imefika tawini? Kiasi gani?" Wengine hujibiwa kwamba hayo ni ya makao makuu. Lakini sabuni ulinunua wewe, si ndiyo?

Zoezi la kikundi: Katika mfano wetu, chama kingeshinda majimbo 10 na kupata kura 20 katika kila 100, kingepewa shilingi ngapi? Fanyeni hesabu ubaoni kwanza, ndipo mzungumze.