Duka la baba: tuliuze libomolewe?

SWALI: Marehemu baba alituachia duka la zamani katikati ya mji wa Kayanga, Karagwe, mkoani Kagera: tofali mbichi, mabati, baraza pana mbele. Mnunuzi anataka kiwanja tu, ajenge ghorofa. Wadogo zangu wanasema tuuze. Sheria hailindi nyumba kama hii?

JIBU: Poleni kwa msiba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kale sana tu. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa rasmi. Kwa hiyo, kama duka lenu halijatangazwa, liko mikononi mwenu.

Kagueni kuta kwanza. Tetemeko la Septemba 2016 lilitufunza Kagera kuogopa kuta zisizofungwa linta. Mkiona ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, mwiteni mhandisi. Kisha banduni plasta kidogo karibu na msingi. Ikiwa ni ya saruji na udongo wa ndani umelowa, saruji imefungia unyevu. Iondoeni, mpake chokaa.

Kuta zikiwa nzima, mimi nasema lisibomolewe. Ikulu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, kule Bweranyange, alikopokelewa mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1861, ilikuwa ya miti na nyasi. Leo hatuna ukuta wake wa kumwonyesha mtoto. Maduka haya ya barabarani ndiyo kumbukumbu ya mji tuliyobaki nayo. Kama kiwanja ni kirefu vya kutosha kwenda nyuma, jengeni nyuma, baraza libaki.

Nendeni wote halmashauri mkaulizie kibali cha ujenzi. Tafadhali, msitie sahihi ya mauzo kabla ya hapo.