Somo la mwezi: Sambusa za jibini za kuoka, kwa Noeli na Bonane



Wafugaji wa Masisi wanatengeneza jibini, ao fromaji kama wengi wetu tunavyoiita, ambayo inauzwa Goma na kufika mpaka Kinshasa. Gurudumu zima linapata mnunuzi. Lakini vipande vilivyovunjika wakati wa kukata, ao vilivyokauka kidogo, mara nyingi vinabaki kwenye meza. Siku za sikukuu, wakati kila nyumba iko na wageni, vipande hivyo vinaweza kuleta feza. Somo hili linaonyesha namna gani.

Vitu vinavyohitajika (sambusa 40 hivi)

- Unga wa ngano: nusu kilo
- Siagi ao margarini ngumu: gramu 250
- Jibini iliyokwaruzwa: gramu 300
- Yai 1
- Chumvi: nusu kijiko kidogo tu, juu jibini yenyewe iko na chumvi
- Maji baridi: vijiko vikubwa 8 mpaka 10

Namna ya kufanya

1. Nawa mikono na sabuni. Angalia jibini. Kama kuvu iko juu tu, kata sentimita 2 na nusu kuizunguka. Kama imeingia ndani, ao harufu imeharibika, tupa. Usiipikie wageni.

2. Changanya unga na chumvi. Tia siagi, sugua na ncha za vidole mpaka unga ufanane na mchanga. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka ushikamane. Usikande sana kama mkate: ukikanda sana, sambusa zitakuwa ngumu.

3. Funika, acha nusu saa pahali pa baridi.

4. Sukuma unga kwa chupa safi, uwe mwembamba. Kata duara kwa mdomo wa kopo.

5. Weka jibini kidogo katikati, uache nafasi kando. Paka maji kwenye ukingo, kunja, bana kwa uma. Toboa tundu moja juu ili mvuke utoke. Bila tundu hilo sambusa inapasuka na jibini inamwagika.

6. Paka yai lililopigwa. Oka dakika 20 mpaka 25, mpaka rangi ya kahawia.

Kama hauna furu

Tumia sufuria kubwa nzito. Tia mchanga mkavu ndani, unene wa vidole viwili, kisha weka juu ya mbabula mpaka ipate moto. Panga sambusa kwenye sahani ya chuma, iweke juu ya mchanga, funika, na tia makala ya moto juu ya kifuniko. Makala ya juu ndiyo yanaleta rangi. Usitumie mawe ya mtoni pahali pa mchanga: yakiwa na maji ndani yanaweza kupasuka. Na mbabula ikae inje. Hewa ya makala katika nyumba iliyofungwa inaua watu.

Hesabu mbele ya kuuza

Tuchukue mfano. Unga, siagi, jibini, yai na makala: jumla franka 12 000. Sambusa 40, kila moja inatoka franka 300. Ukiuza kwa franka 500, inaonekana faida ni 200 kwa kila moja, yaani 8 000. Lakini sambusa 24 za kwanza zinarudisha tu feza uliyotoa. Faida inaanza na ya 25. Ukiuza 30, na 10 zibaki, faida ni 3 000 peke yake.

Andika pia bei ya jibini, hata kama imetoka kwa ng'ombe wako. Ungeiuza, ungepata kitu.

Kwa hiyo, pokea komande mbele ya Noeli, ukubali nusu ya malipo, na oka hesabu ile tu. Ziuze siku ileile, zingali na moto. Komande ikichelewa, unaweza kuzikunja mapema lakini uzioke saa ya mwisho.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

- Vipande vyetu vya jibini vinavyobaki kila juma ni kilo ngapi, na vinaenda wapi?
- Kwa bei za soko letu, ni sambusa ya ngapi inaanza kuleta faida?
- Nani atapokea komande, na nani atashika daftari?