Kulima na Kutunza: Tafakari ya Mto Ruaha Mkuu

Vijana wenzangu, katika Mwanzo 2:15 Mungu anampa mtu bustani kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Sisi wa Mbeya na Iringa ile ya kwanza tunaiweza sana. Ya pili je?

Tazama Ruaha Mkuu. Vijito vyake vinateremka kutoka Uporoto na Kipengere, vinanywesha mpunga wa Usangu, vinaingia Ihefu, ndipo mto unaelekea Hifadhi ya Ruaha na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Falsafa inanifundisha kutafuta chanzo: huku juu tunachepusha maji, kule chini wanakosa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua ni ngumu, wengi wetu tumesomeshwa kwa vinyungu. Lakini jirani wa Injili ni pia yule anayekunywa baada yetu.

Basi vijana, jumuiyani kwenu pimeni hizo mita 60. Andikeni kina cha maji kila mwezi. Pandeni miti ya asili kandokando, milingoti ikae mbali na chemchemi. Hiyo nayo ni sala.