Dondoo muhimu: Kemshafti ya LS6 ndani ya injini ya LS1

Ukitaka nguvu zaidi kwenye LS1 ya Chevrolet bila kuharibu silensa, tafuta kwanza kemshafti ya kiwandani ya LS6, ile ya Corvette Z06 ya 2002 hadi 2004. Inainua valvu karibu milimita 14. Ya LS1 za mwisho huishia takriban 12. Ya LS6 ya 2001 ni ya wastani, inainua kama milimita 13.

Usiifunge bila kubadilisha springi za valvu. Hapa ndipo wengi huua injini: springi laini za LS1 hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati injini ikikimbia, na pistoni ikaigonga. Nunua springi za LS6 pamoja na kemshafti.

Ya LS3 iache. Sensa yake husoma kwa mbele, ya LS1 husoma nyuma, na gia zake hazifungwi sawa.

Ya mtumba? Pitisha ukucha juu ya kila nundu. Ukikwama kwenye mkwaruzo, irudishe.

Z06 ilifikia nguvu za farasi 405 kwa msaada pia wa vichwa vyake vya silinda, kwa hiyo usitegemee kemshafti pekee ikufikishe huko.