Aikoni kubwa kama maandazi

Jumamosi moja nilirudi na kompyuta yetu ya mezani kutoka kwa fundi wa mtaani aliyeipiga Windows upya. Nikaichomeka, ikawaka, binti yangu akaangua kicheko: "Baba, mbona imenenepa?" Kweli, aikoni zilikuwa kubwa kama maandazi, maandishi yana ukungu, na vitufe vya chini vya madirisha mengine vimezama nje ya kioo, huvifikii hata kwa kipanya.

Nilianza kwa kubahatisha. Nikashikilia Ctrl huku nikizungusha gurudumu la kipanya. Aikoni zikapungua, lakini upau wa chini na menyu vikabaki na unene wao. Njia hiyo inagusa kile tu kilicho mbele yako. Inafaa kama ni ukurasa wa intaneti uliovimba peke yake, na hapo Ctrl na 0 hutosha. Ukiona picha inakimbia huku na huko kila ukisogeza kipanya, kuna mtu amewasha kikuzaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Esc, basi.

Shida yangu haikuwa mojawapo ya hizo. Nilibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye nafasi tupu ya skrini, nikaingia "Display settings". Humo mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. "Scale" ni ukubwa wa maandishi na vitufe. Yangu ilisoma 100%, haina kosa. "Display resolution", yaani rezolusheni, ni idadi ya vidoti vinavyochora picha. Hapo palisomeka 800 × 600, pamefifia, hapabadilishiki, ilhali kioo changu kimeundwa kwa 1366 × 768. Picha ya vidoti vichache ikivutwa ijaze kioo, lazima inenepe na kupoteza makali.

Nikafungua "Device Manager" kwa kubonyeza kulia kwenye kitufe cha Start. Chini ya "Display adapters" pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Hiyo ni draiva ya dharura. Fundi alipiga Windows akaishia hapo, draiva ya kadi ya picha hakuiweka. Nikaunganisha simu kwa waya nipate intaneti, nikaiacha Windows Update itafute, nikazima na kuwasha. Usipoipata humo, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine ukiwa na namba ya modeli. Zile tovuti zinazogawa draiva zote kwa mkupuo mimi sizigusi. Ukikaribisha mgeni mmoja, wanaingia kumi.

Rezolusheni ikafunguka, lakini ikagoma kupanda zaidi ya 1024 × 768. Hapa ndipo nilipokaa hadi saa nne usiku. Kwenye "Monitors" palisomeka "Generic Non-PnP Monitor", maana yake kompyuta haikijui kioo kilicho mbele yake. Kumbe kioo hujitambulisha kupitia waya uleule wa VGA, kwa pini ya 12 na ya 15. Nikauchomoa, nikaumulika kwa tochi ya simu: pini ya 12 imelala chali. (Usishtuke ukikuta ya 9 haipo, nyaya nyingi hutoka kiwandani hivyo.) Nikaazima waya kwa jirani, nikachagua 1366 × 768, ile yenye neno "Recommended", kila kitu kikakaa. Ukijaribu namba ambayo kioo hakiiwezi kikawa cheusi, usiguse kitu. Usipothibitisha, baada ya sekunde 15 Windows hurudi ilikotoka.

Wanaotumia tivii kwa HDMI wana shida yao nyingine: kingo zimekatwa, upau wa chini unaonekana nusu. Piga skrinishoti uitazame kwenye simu. Kama huko imetimia, kompyuta haina hatia, tivii ndiyo inayokuza. Tafuta kwenye menyu yake ya picha mpangilio wa kuzima ukuzaji huo. Samsung huuita "Screen Fit", LG "Just Scan".

Asubuhi mama yangu akakaa mbele ya kioo, akavua miwani, akaivaa tena. "Sasa mmeyafanya madogo mno, mwanangu." Rezolusheni sikuigusa. Nilipandisha "Scale" hadi 125%, akaendelea kusoma gazeti lake.