Majina ya Waandishi Katika Katalogi ya Maktaba

Mwaka 1964 kampuni ya Heinemann ya London ilichapisha riwaya iitwayo Weep Not, Child. Jina la mwandishi lililopigwa chapa juu yake lilikuwa James Ngugi. Mwaka 1977 kampuni hiyo hiyo ilitoa Petals of Blood, na safari hii jina lilikuwa Ngugi wa Thiong'o. Katika maandishi yake ya Kigikuyu jina hilo huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu ya irabu mbili: Ngũgĩ. Mtu ni yule yule, aliyezaliwa Kenya mwaka 1938 na kufariki mwezi Mei 2025. Lakini katalogi haimjui mtu. Inazijua herufi tu. Mkutubi asiyekuwa mwangalifu aweza kumgawa mwandishi huyu katika droo tatu za kadi: droo ya N kwa "Ngugi, James", droo ya T kwa "Thiong'o, Ngugi wa", na droo ya W kwa "Wa Thiong'o, Ngugi".

Hasara ya mgawanyo huo humwangukia msomaji. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayeandika insha juu ya kazi za mwandishi huyo akifungua droo ya T peke yake, ataondoka akiamini kwamba maktaba haina riwaya zake tatu za mwanzo, yaani zile za mwaka 1964, 1965 na 1967, zilizotoka kwa jina la James Ngugi. Vitabu vipo rafuni, hatua chache kutoka alipoketi, wala hakuna atakayemwambia kwamba amekosa. Kosa la katalogi halipigi kelele kama kosa la hesabu. Huweza kukaa miaka ishirini pasipo mtu kulitambua.

Dawa ya maradhi haya ni kile ambacho wakutubi hukiita kumbukumbu ya jina lililoidhinishwa. Kwa maneno mepesi, ni kadi (au, siku hizi, rekodi ndani ya kompyuta) isiyoeleza kitabu chochote, bali inayoeleza jina. Kadi hiyo husema mambo matatu: umbo gani la jina limechaguliwa kutumiwa katika katalogi nzima, maumbo gani mengine mtu huyo amejulikana nayo, na ni ushahidi gani uliomfanya mkutubi aamue hivyo. Jambo hili la tatu ndilo linaloutenganisha ukutubi na kubahatisha.

Fikira yenyewe si ngeni. Antonio Panizzi, mkimbizi kutoka Italia aliyefanya kazi katika maktaba ya British Museum, alishughulika na matatizo ya majina katika kanuni zake 91 zilizopigwa chapa mwaka 1841. Mwaka 1876 Mmarekani Charles Cutter alitaja, miongoni mwa kazi za katalogi, mbili zisizochanganywa: kumwezesha mtu kukipata kitabu anachokijua, na kumwonyesha maktaba ina nini cha mwandishi fulani. Kazi ya kwanza yaweza kufanyika hata kwa orodha mbovu. Ya pili haiwezekani kamwe mpaka majina yote ya mtu mmoja yakusanywe mahali pamoja.

Ni neno lipi basi katika jina litangulie? Hapa ndipo penye utajiri wa mambo, na ndipo Afrika Mashariki ilipoumizwa zaidi na kanuni za kuazima. Katika Ulaya ya magharibi watu wengi huwa na jina la ukoo lililo mwisho, na katalogi hulitanguliza: "Shakespeare, William". Kanuni hiyo ikichukuliwa vivi hivi na kupelekwa Unguja, Mombasa au Lamu, huzaa vituko. Katika pwani mtu huitwa kwa jina lake, likafuatwa na la baba yake, kisha la babu yake. Jina la mwisho, basi, aghalabu ni la mtu mwingine kabisa, ambaye huenda hakuandika hata barua. Chukua waandishi watatu mashuhuri wa riwaya kutoka Zanzibar: Mohammed Said Abdulla, aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Kiu (1972), na Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano (1980). Ukiyapindua majina yao kwa desturi ya Kizungu, wa pili na wa tatu hukaa jirani chini ya "Mohamed", kana kwamba ni ndugu wa ukoo mmoja. Mpiga chapa akifupisha na kuandika "M. S. Mohamed" na "S. A. Mohamed", na mtu wa kadi akiwa na haraka, riwaya ya mmoja yaweza kuandikwa kwa mwenzake. Hilo si jambo dogo, kwani huko ni kumpokonya mtu kazi yake.

Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwezi Oktoba 1961 uliweka msingi ulio bora zaidi: neno la kutangulia katika jina lifuate desturi iliyokubaliwa katika nchi ambayo mwandishi ni raia wake, na isipowezekana, lifuate desturi ya lugha anayoitumia. Msingi huo ni mwema, ila una sharti. Huifaa tu nchi ambayo imeketi na kukubaliana juu ya desturi yake. Nchi iliyonyamaza huamuliwa na wengine. Katika kisa cha Ngũgĩ, katalogi ya Library of Congress ya Marekani hulianza jina lake kwa "Ngũgĩ", bila kulipindua, kwa sababu "wa Thiong'o" maana yake ni mwana wa Thiong'o, na hakuna Mgikuyu ambaye angemwita "Bwana Thiong'o" akidhani ndiye yeye.

Tuseme sasa mkutubi wa shule ameletewa vitabu hivyo na ataka kuiandika kumbukumbu. Yaweza kuwa na sura hii:

Ngũgĩ wa Thiong'o, 1938–2025
x Ngugi, James
x Thiong'o, Ngũgĩ wa
x Wa Thiong'o, Ngũgĩ
Ushahidi: Weep Not, Child, 1964 (ukurasa wa jina: James Ngugi), Petals of Blood, 1977 (ukurasa wa jina: Ngugi wa Thiong'o)

Mstari wa kwanza ni umbo lililoidhinishwa. Mistari yenye alama ya x ni maumbo yasiyotumiwa, na kila moja humzalia msomaji kadi ya kuelekeza: "Thiong'o, Ngũgĩ wa. Tazama Ngũgĩ wa Thiong'o." Afunguaye droo isiyo sahihi hapotei, huonyeshwa njia. Katika mfumo wa MARC, uliobuniwa kwa ajili ya kompyuta katika Library of Congress kwenye miaka ya 1960, mistari hiyo hupewa namba: 100 kwa jina la mtu lililoidhinishwa, 400 kwa umbo la "tazama", 500 kwa "tazama pia", na 670 kwa ushahidi. Namba ni mpya. Akili iliyomo ni ile ile ya kadi.

Mwaka wa kuzaliwa haukuwekwa kwa ajili ya kupendezesha. Kazi yake ni kuwatenga watu wenye jina moja. Katika nchi ambamo Juma Ali ni wengi kuliko miembe, jina tupu halimtambulishi mtu. Mwaka usipojulikana, mkutubi aweza kutumia jina la babu, au kazi ya mtu: mganga, mwalimu, mwanajiolojia. Lakini asibuni. Ikiwa kitabu hakisemi na mwandishi hapatikani, ni heri kumbukumbu fupi kuliko ndefu yenye uongo, maana maktaba nyingine zitainakili, na uongo ulionakiliwa mara kumi huanza kuonekana kama ushahidi kumi. Pia mwandishi aliye hai akiomba tarehe yake ya kuzaliwa isitangazwe, yafaa asikilizwe. Ziko njia nyingine za kumtofautisha.

Yapo makosa mawili ya kinyume, nayo hayalingani kwa uzito. Kumgawa mtu mmoja katika majina mawili humficha msomaji nusu ya vitabu. Kuwaunganisha watu wawili katika jina moja ni kubaya zaidi, kwani humdanganya. Aidha, kurekebisha ni kazi isiyolingana: kumbukumbu mbili za mtu mmoja huunganishwa kwa siku moja, bali kumbukumbu moja ya watu wawili humlazimu mkutubi akishike kila kitabu upya na kuuliza, "Hiki ni cha nani?" Kwa hiyo mwenye shaka na awatenge kwanza.

Taasisi nazo zina majina, na kanuni yake ni tofauti na ya watu kwa namna inayowashangaza wanafunzi. Mtu akibadili jina kwa kawaida hubaki na kumbukumbu moja, na jina la zamani huwa "tazama". Taasisi ikibadili jina hufunguliwa kumbukumbu mpya, na ya zamani hubaki hai, zikiunganishwa kwa "tazama pia". Sababu ni kwamba taasisi inapobadili jina mara nyingi hubadili pia mamlaka yake, mipaka yake na watu wake. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ripoti ya mwaka 1965 haikutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa chombo hicho hakikuwapo. Vivyo hivyo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, iliunganishwa mwaka 2009 na Idara ya Kiswahili, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Hapo kumbukumbu mpya ina wazazi wawili, na "tazama pia" lazima zielekee kwa wote wawili.

Kumbukumbu iliyoandikwa haikuandikwa milele. Mwandishi hufariki, na mwaka ulioachwa wazi baada ya kistari hujazwa. Mwandishi huoa au kuolewa, husilimu, hubatizwa, hulikataa jina la kikoloni. Lakabu hufichuka. Wakati mwingine kanuni zenyewe hubadilika. Mwezi Januari 1981 Library of Congress ilipoanza kufuata toleo la pili la kanuni za Kiingereza na Kimarekani, lililotolewa mwaka 1978, majina mengi yalibadilishwa: aliyekuwa "Clemens, Samuel Langhorne" akawa "Twain, Mark", kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo wasomaji wanamjua nalo. Maktaba hiyo iliona ni afadhali kuifunga katalogi yake ya kadi kuliko kufuta na kupiga taipu upya mamilioni ya kadi. Mwalimu awaeleze wanafunzi gharama hiyo, wasidhani kwamba kurekebisha ni kupiga mstari na kuandika juu yake. Kila kitabu kilichofungwa kwenye jina la zamani lazima kihamie jina jipya, la sivyo rekebisho lenyewe limemgawa mtu upya. Ndiyo maana mkutubi mzoefu habadilishi umbo kwa sababu tu ameona umbo zuri zaidi, hungoja sababu.

Kompyuta imeurahisisha uhamisho huo, maana kitabu chaweza kufungwa kwenye namba ya kumbukumbu badala ya jina, na jina likibadilishwa mara moja hubadilika kote. Lakini imeleta mitego yake. Herufi ũ yaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama alama moja kamili, au kama u ya kawaida ikifuatwa na alama ya kiwimbi. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine isiyofundishwa kuzilinganisha ni majina mawili. Programu isiyojua kiwimbi kabisa huweka alama ya kuuliza mahali pake, na Ngũgĩ huwa "Ng?g?", jina ambalo hakuna mtu atakayelitafuta.

Tena, si lazima dunia nzima ikubaliane juu ya umbo moja. Tabibu mkuu aliyefariki mwaka 1037 huitwa Avicenna katika katalogi nyingi za Ulaya na Marekani, bali msomaji wa Kiarabu au wa Kiswahili humtafuta kama Ibn Sina. Mwaka 2003 maktaba za taifa za Marekani na Ujerumani pamoja na shirika la OCLC zilitia sahihi mapatano ya kuunda faili la kimataifa liitwalo VIAF, ambalo huzifunga pamoja kumbukumbu za nchi mbalimbali juu ya mtu mmoja na kuipa fungu hilo namba, huku kila nchi ikibaki na umbo lake. Wanasayansi nao, ambao majarida huwapunguza kuwa herufi mbili na jina, walianzishiwa namba zao wenyewe mwaka 2012 ziitwazo ORCID.

Zoezi kwa darasa: wanafunzi wachukue vitabu hamsini vya Kiswahili kutoka maktaba ya shule, wanakili jina la mwandishi kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina, si kwenye jalada, kisha watenge majina yaliyoandikwa kwa namna zaidi ya moja. Kwa kila mwandishi wa namna hiyo waandike kumbukumbu yenye umbo lililochaguliwa, maumbo ya "tazama" na ushahidi. Waanze na Shaaban Robert, aliyejulikana pia kama Shaaban bin Robert, na waamue kama kadi yake ikae kwenye S au kwenye R, wakitaja sababu.