Dini, Serikali na Mkono wa Mgeni

Wapo wanaouliza: Mwislamu aliyeko Chawia, juu ya milima ya Taita, ana haki gani kwa kadhi, hali nchi yake haikuwamo katika mwambao wa Sultani? Swali hili ni jema. Lakini hatuwezi kulijibu mpaka tujue kwanza kadhi aliingiaje katika serikali, na ni mikono ya nani iliyomgusa njiani.

Tarehe 14 Desemba 1895 Waingereza walifanya mkataba na Sultani wa Unguja, Sayyid Hamad bin Thuwaini, wautawale ukanda wa maili kumi wa pwani kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Bendera nyekundu ikabaki ikipepea, na makadhi wakabaki barazani. Watu wa mjini wakafurahi, wakasema dini imehifadhiwa. Haukupita mwaka. Sayyid Hamad alifariki Agosti 1896, na Sayyid Khalid bin Barghash akakalia kiti bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikaipiga jumba lake mizinga, na kabla ya saa moja kwisha mambo yalikuwa yamekwisha. Akawekwa Sayyid Hamoud bin Muhammad. Basi aliyejiita mlinzi ndiye aliyechagua nani alindwe. Katika Sura ya An-Naml malkia wa Sabaa aliwaonya wakuu wake juu ya hali ya wafalme waingiapo katika mji. Na asomaye sura hiyo huku akikumbuka siku ile ya Unguja hahitaji tafsiri ndefu.

Ama Taita, huko hapakuwa na mkataba wa Sultani. Mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni, na mwambao ukabaki Himaya. Mtu wa Chawia akishuka Mombasa alikuwa akivuka mpaka asiouona.

Huenda mtu akasema: kwa kuwa kadhi aliwekwa chini ya serikali ya wageni, cheo chake hakina heri. Sisi hatukubali. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi isiyokuwa ya dini yake. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa akiwaamsha watu kwa Sahifa na al-Islah, alishika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1937, akadumu nao hadi kufa kwake mwaka 1947. Kazi kushikwa ndani ya serikali si kosa. Kosa ni ulimi kufungwa na mshahara.

Mwezi wa Oktoba 1963 Bwana Jomo Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, waliandikiana barua: mwambao uwe sehemu ya Kenya, na mahakama za kadhi zihifadhiwe. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sheikh Shamte ikapinduliwa. Aliyepewa ahadi hakuwapo tena wa kuidai! Lakini ahadi ilikuwa imekwisha kuingia katika katiba, na sheria ya mwaka 1967 ikaweka makadhi hata nje ya mwambao.

Mwaka 2010 jambo hili lilifufuka. Mwezi wa Mei majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba kuwatia makadhi katika katiba hakufai. Hapo wageni wakaingia kwa milango miwili. Bwana Joe Biden, Makamu wa Rais wa Marekani, alikuja Nairobi mwezi wa Juni akiwahimiza watu wapitishe mageuzi. Na chama cha wanasheria Wakristo cha huko huko Marekani, American Center for Law and Justice, kikapinga rasimu kwa tawi lake la Nairobi. Wamarekani wakashindana kwa midomo yetu. Wala tusijisahau upande wetu: waliolipua ubalozi Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, wakaua watu zaidi ya 200, walileta ugomvi wao na Marekani katika nchi ya watu wasiohusika, na Waislamu wa nchi hii ndio waliotazamwa kwa jicho la shaka.

Wananchi walipiga kura tarehe 4 Agosti 2010, wakaikubali katiba; ikatangazwa tarehe 27 Agosti, siku ile ile ya mizinga ya Unguja. Kifungu cha 8 chasema serikali haina dini. Kifungu cha 170 chaweka kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, iwapo wote wenye shauri ni Waislamu na wamekubali mahakama yake.

Sasa turudi Chawia. Haki ya Mwislamu wa huko ni sawa na ya mtu wa Mombasa. Lakini huko ndugu wa tumbo moja huwa mmoja Mwislamu, mwenziwe Mkristo, na shamba ni moja. Akikataa mmoja, kadhi hana shauri. Litakwenda Mahakama Kuu, ambako Sheria ya Urithi, tangu marekebisho ya 1990, yaiachia mirathi ya Mwislamu ifuate sheria yake. Na kwa kuwa mama asiyekuwa Mwislamu harithi, mwanawe aweza kumwandikia wasia katika thuluthi ya mali. Na aandike angali mzima, mbele ya mashahidi.